Kesho Hakuna Kazi Bandani

Bandani kwetu tangawizi haioshwi kwa mikono, inakanyagwa. Hodhi la saruji linajazwa maji yanayoshuka kutoka ndiva, lile bwawa la kumwagilia lililo juu ya kijiji, kisha mizizi inamwagwa humo na udongo wake. Wanawake wawili wanaingia miguu mitupu, kanga zimefungwa magotini, wanatazamana na kushikana viwiko, halafu wanazunguka wakikanyaga. Wanashikana kwa sababu chini panateleza. Wanakanyaga taratibu kwa sababu ngozi ya tangawizi ikichubuka inaota ukungu kabla haijakauka. Baada ya wiki mbili visigino vinapasuka, na maji yakiingia kwenye nyufa yanawaka kama pilipili.

Kwa hiyo mtu wa kuingia naye hodhini huwa ni ndugu yako au rafiki yako. Mimi nilipewa mwanamke mgeni, kwa sababu wengine wote walimkataa, na mimi sijui kukataa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nimeishia darasa la saba, na hata haya nayaandika polepole, mstari mmoja naufuta mara mbili. Nimelelewa na mama mkubwa, dada wa mama yangu. Yeye ndiye msimamizi wa mahodhi, na ndiye aliyeniingiza kazini. Mbele za watu sauti yangu hukauka. Nikisema shikamoo wazee hawaisikii, hivyo wengi huku juu ya Gonja wananijua kama binti asiye na adabu, nami sijawahi kuwaambia vinginevyo.

Mgeni huyo alikuja msimu ambao tangawizi ilikuwa nyingi na mikono haikutosha. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mrefu, ametokea Maore kwa mama yake. Bandani kuna desturi kwamba mgeni husimama mbele ya wote na kusema alikuwa anafanya kazi gani kabla, ili kila mtu asikie kwa masikio yake na pasiwe na maneno baadaye. Wengi husema walikuwa wanalima. Angeweza kusema hivyo. Angeweza kusema aliuza chakula stendi ya Same na hakuna ambaye angekwenda kuuliza.

Katibu wa banda, mwanamume mpole anayependa kufuta miwani yake kwa shati, alimwuliza kazi yake ya nyuma.

"Nilikuwa nacheza jukwaani," alisema. "Kwenye mabaa, Korogwe mpaka Moshi. Kanga moja, inamwagiwa maji, wanaume wanatazama. Nimefanya hivyo miaka minane, nimeacha mwaka jana. Kusimama kwa miguu siku nzima naweza."

Hakuinamisha kichwa. Nakumbuka nilitazama chini kwa niaba yake.

Mama mkubwa aliuliza kama tangawizi nayo itamwagiwa maji ikiwa imevaa kanga, na watu walicheka. Katibu hakucheka. Alisema lori la mnunuzi linakuja kuchukua tangawizi, halina haja ya kujua nani alicheza wapi. Akaandika jina lake, akamwambia kwamba akifanya kazi vizuri mpaka mwisho wa msimu atapewa barua kama wengine wote.

Aliposikia barua ndipo alipobadilika uso. Siku ile sikuelewa. Nilikuja kuelewa hodhini, maana alikuwa anaongea na mimi sikuwa na namna ya kumnyamazisha. Aliniambia tangu aache kucheza alikuwa ameomba kazi nne. Aliomba kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni, akaomba kupika kantini ya shule, akaomba duka la vitambaa, akaomba kufagia zahanati. Kote walimwuliza jambo moja, barua ya mahali alipotoka. Alipotoka hapaandiki barua. Alikwenda ofisi ya mtaa kuomba wamtambulishe, mtendaji akamwambia asubiri, akasubiri mpaka akachoka na lile benchi. Alitaka karatasi moja tu yenye muhuri, inayosema huyu alikuwa mwosha tangawizi, aliamka asubuhi, hakuiba, hakugombana. Akiwa nayo angekwenda Same na kugonga mlango wowote.

"Mdogo wangu, wewe una bahati," aliniambia. "Ukitoka hapa una watu wa kukusemea. Mimi nitasemewa na karatasi."

Mimi nilikuwa nahesabu mizunguko.

Wanawake walimfanyia yote ambayo watu wa kanisa moja wanaweza kumfanyia mtu bila kumgusa. Walianza kuja na vikombe vyao kutoka nyumbani, wakaacha vya bandani rafuni. Hodhi tulilotoka sisi wawili lilikaushwa kwanza na kusuguliwa kabla mwingine hajaingia, kazi ambayo haikuwahi kufanywa, na maji ya ndiva si ya kuchezea. Makande yakiiva alipakuliwa wa mwisho, na mwiko ukaoshwa. Mmoja akimwona anakunja kanga alimwambia ashushe, hapa hakuna spika. Ilhali wote tulikuwa na kanga magotini, na mama mkubwa ya kwake ilikuwa juu kuliko ya mtu yeyote.

Mwanzoni aliwajibu kwa utani. Aliwaambia wakitaka acheze basi wakate tiketi, asubuhi ni nusu bei. Hawakucheka, na baada ya siku chache aliacha utani.

Wapakiaji, ambao ni wanaume, walikuwa na video yake kwenye simu. Ilitoka kwa mmoja ikaenda kwa wote. Waliitazama nyuma ya magunia wakati wa chai, kisha wakaja mbele na kusema mwanamke yule ataharibu kijiji. Hakuna aliyemwuliza mwenye video alikuwa wapi siku aliyoipiga, wala alimwambia mkewe kwamba amekwenda wapi. Walinipa na mimi jina. Nikipita waliniita mnenguaji wa pili, wakipiga meza kwa vidole.

Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Sikumhurumia. Nilimchukia, na nilikuwa na sababu ambayo leo naiona ni ndogo, lakini wakati ule ilinijaa kifuani. Siku moja visigino vyangu vilivuja damu ndani ya maji. Sikusema. Yeye aliona, akaniachia viwiko, akatoka hodhini na kumwita katibu kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na muziki. Alisema mtoto huyu anatoka damu na hakuna hata kikopo cha mafuta ya mgando banda zima, hii ni kazi gani. Watu wote waligeuka wakatazama miguu yangu. Katibu aliinama akaishika. Kesho yake mafuta yaliletwa, yakawekwa rafuni kwa ajili ya wote, na wote waliyapaka. Lakini mimi nilikuwa nimetazamwa. Nilitamani lile hodhi lingefunikwa mimi nikiwa ndani. Kuanzia pale, kila alipoongea, nilikaza mikono kwenye viwiko vyake kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, nikitumaini anaumia.

Zilipobaki wiki tatu msimu kwisha, ndiva ilijaa tope na maji yakaanza kuja kidogo. Wazee wa maji wakatangaza msaragambo. Kwetu msaragambo ni kazi ya wote. Kila nyumba inatoa mtu, na kila mtu wa bandani anatoka, maana banda ndilo linalokunywa maji mengi. Sheria yake ni ya zamani na haina mjadala. Asiyekwenda kuzoa tope bila ruhusa hakanyagi tena maji ya ndiva msimu ule, na kwa mtu wa bandani maana yake ni kwamba kazi imekwisha na barua hakuna. Asubuhi yenyewe pembe inapigwa. Lakini pembe haifiki kitongoji cha chini, nyuma ya mgongo wa mlima, ambako yeye alipanga chumba. Watu wa kule hupelekewa habari kwa mdomo, na bandani ni mwenzako wa hodhini anayekuambia.

Jioni ya tangazo lile yeye alikuwa amewahi kuondoka kwenda kufua nguo zake. Mama mkubwa alinivuta pembeni, karibu na mizani. Hakunitazama. Alikuwa anakunja magunia matupu.

"Utapita kwake," alisema. "Umwambie kesho hakuna kazi bandani. Si ni kweli hakuna kazi bandani?"

Nilisema ni kweli.

"Basi. Hayo mengine si yako."

Nimewaza sana juu ya njia ile ya kushuka. Ni mwendo wa nusu saa, unapita migomba na mfereji mmoja. Nilikuwa na nusu saa nzima. Sikulazimishwa na mtu, mama mkubwa hakunishika mkono. Nilipofika alikuwa anafua. Alifurahi kuniona, akanifutia kigoda, akasema afadhali nimekuja, siku nzima hajasemeshwa na mtu. Nilikataa kukaa. Nikamwambia, dada, kesho hakuna kazi bandani.

Akauliza kwa nini. Nikasema sijui, maji ni kidogo. Akasema vizuri, atashuka Maore alale kwa mama yake, arudi keshokutwa. Akanishukuru. Nilipanda mlima nikiwa mwepesi, na ile njia haijawahi kuwa fupi namna ile.

Siku ya msaragambo nilizoa tope mpaka kiunoni. Wanawake walikuwa wachangamfu. Mmoja alisema kwa sauti kwamba watu wa muziki hawaamki mapema, miguu imezoea vumbi la jukwaa na tope hailijui. Walirudia maneno hayo mpaka mchana, kila mmoja akiongeza lake.

Kesho yake alikuja bandani kabla ya wote, kama kawaida yake. Alikuwa ameshakunja kanga. Mama mkubwa alimwambia asiguse maji. Tukakusanyika. Katibu alikuwa na daftari la waliohudhuria, na mzee mmoja wa maji alikuwepo, maana jambo la ndiva haliamuliwi na banda peke yake. Katibu alimwuliza kwa nini hakuja msaragambo.

Alisema hakujua kulikuwa na msaragambo. Aliambiwa hakuna kazi, akaenda kwa mama yake.

Mzee akauliza nani alimwambia.

Alikuwa amesimama mbele yangu, hatua mbili. Hakugeuka. "Aliyeniambia yupo hapa," alisema. "Ana mdomo."

Watu walisubiri jambo liishe vizuri kwao. Mama mkubwa alisema mwanamke huyu amezoea uongo, kazi yake ya zamani ni kudanganya macho ya waume za watu, na sasa anatafuta mtoto wa mtu wa kumtwisha. Wengine wakaitikia. Katibu alikuwa anafuta miwani. Nilijua kwamba nikinyamaza kwa muda wa kufuta miwani tu, jambo limekwisha. Angefungasha nguo zake, na hodhini ningepewa mtu mwingine.

Sijui niseme nini juu ya kilichonifanya nifungue mdomo. Si wema. Nadhani ni lile neno la mama mkubwa, mtoto wa mtu. Alinitaja kama kifurushi ambacho mwingine anajaribu kukiiba, na kifurushi hicho alikitumia yeye.

Nilisema nilimwambia mimi. Hawakusikia. Katibu akaniambia nirudie.

"Nilimwambia hakuna kazi bandani. Msaragambo sikumwambia."

"Ulisahau," alisema mama mkubwa haraka. "Mtoto huyu mwoga, ukimtuma maneno mawili moja linamdondoka njiani."

Katibu aliniangalia. Aliniuliza kwa upole kama ni kweli nilisahau. Nilikuwa nimefunguliwa mlango mzima wa kutokea. Ningesema ndiyo na kila mtu angebaki na heshima yake, isipokuwa yule mmoja ambaye hakuwa nayo kwao tangu mwanzo.

"Sikusahau," nilisema.

Hakuna aliyeuliza nani alinituma. Macho yote yalikwenda kwa mama mkubwa, yakarudi, na mzee wa maji akaangalia mlima kana kwamba ng'ombe wake wapo kule. Mama mkubwa ni mke wa mtu, ni mama wa kanisa, ni msimamizi. Jina lake halikutajwa siku ile wala baadaye.

Hukumu ilikuwa fupi. Yeye hakuambiwa, kwa hiyo hakukosa, lakini tope lake halijazolewa. Atakwenda ndiva kesho azoe sehemu yake, kisha arudi kazini. Aliyeficha neno la msaragambo ni sawa na aliyekataa msaragambo, kwa hiyo mimi sikanyagi maji mpaka msimu uishe, na tope nitazoa pamoja naye.

Tulizoa kuanzia asubuhi mpaka saa tisa. Sisi wawili tu kwenye bwawa kubwa, makoleo mawili, na mbuzi wanatutazama kutoka ukingoni. Hakuniomba nimsogezee karai wala hakunisogezea la kwake. Nilijaribu mara tatu kuanza maneno ya msamaha. Mara ya nne yalitoka yote kwa pamoja, kwamba mimi ni mwoga tangu utotoni, kwamba sijui kumkatalia mtu, anisamehe dada.

Alichomeka koleo kwenye tope.

"Mwoga angekaa nyumbani asije kabisa," alisema. "Wewe ulitembea nusu saa. Ulisimama mlangoni kwangu ukachagua neno la kusema na neno la kuacha. Mimi nimecheza mbele ya wanaume walevi miaka minane, na hakuna aliyenifanyia kitu kwa utulivu namna hiyo. Usiniite dada."

Akaendelea kuzoa. Nami sikumwita tena chochote.

Wiki tatu zilizobaki alikanyaga na katibu. Mwanamume alikuwa hajawahi kuingia hodhini kwetu, lakini hapakuwa na mtu mwingine aliyekubali kumshika, basi katibu alikunja suruali na kuvua soksi, akaingia. Watu walisema mengi. Lori lilipakiwa likashuka.

Nyumbani mama mkubwa hakunipiga wala hakunifukuza. Aliacha kunitaja. Alisema chakula kipo, akiuambia ukuta. Alisema kuna watu wanakula kwa mtu na kumuuza, akiwaambia kuku. Hilo lilidumu mpaka siku alipohitaji macho yangu.

Barua za mwisho wa msimu huandikwa na katibu, lakini lazima msimamizi wa mahodhi naye atie sahihi chini, ndipo zigongwe muhuri. Mama mkubwa alizitia zote isipokuwa moja. Ile aliibeba nyumbani, akakaa nayo siku nne. Siku ya tano katibu alimpigia simu kumwambia kwamba mwenye barua ana safari ya Same kesho, kuna bweni la shule linatafuta mpishi msaidizi. Mchana ule mama mkubwa alitoa karatasi ndani ya Biblia na kuiweka mezani mbele yangu. Macho yake hayaoni herufi ndogo tangu zamani, na miwani hajakubali kununua.

Aliniambia nisome, alitaka kujua anatia sahihi nini. Akasema kama katibu ameandika sifa, hatii.

Nilisoma polepole, ndivyo ninavyosoma siku zote, kwa hiyo hakuona ajabu. Katibu alikuwa ameandika kwamba mwanamke huyu ameosha tangawizi bandani kwetu msimu mzima kwa uaminifu na bidii, anafika kazini kabla ya wenzake, na banda lingempokea tena wakati wowote. Mimi nilisoma kwamba mwanamke huyu ameosha tangawizi bandani kwetu msimu mzima. Nikaruka mistari miwili. Nikasoma tarehe.

Sikufanya hivyo kwa upendo. Nilikuwa bado simpendi, na yale maneno ya ndiva yalikuwa yananichoma kila nikilala. Lakini kuacha maneno ni kazi ninayoiweza.

"Ndiyo yote?" aliuliza mama mkubwa.

"Ndiyo yote."

Alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu siku ile bandani. Sijui aliona nini. Alivuta karatasi karibu na pua, akaisogeza mbali, akaiweka chini tena. Kisha akachukua kalamu na kuandika jina lake taratibu, kwa zile herufi zake kubwa zinazopanda juu. Akaniambia niipeleke kwa katibu kabla hajafunga, na nikirudi nipite kisimani, kwa maana ndoo zote tupu na kuna watu humu ndani hawajui kuona kazi mpaka waambiwe.